Insoli na Tao la Wayo: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Jumapili pale Kibuye, Kisumu, na karibu siku yoyote kwenye masoko ya Nakuru na Eldoret, utakuta insoli, vile vitandiko vya ndani ya kiatu, zimetandazwa kando ya viatu vya mitumba: za jeli, za sponji, zenye kinundu katikati, zenye plastiki ngumu chini. Mnunuzi anataja namba ya kiatu, analipa, anazitia ndani. Wiki mbili baadaye kisigino bado kinauma na kiatu kimeanza kubana vidole kwa juu. Malalamiko haya huja vilevile kutoka kwa walimu, wauguzi, wahudumu wa hoteli, wachuma chai na wakimbiaji, na mara nyingi wayo unasingiziwa tu. Kiatu chenyewe kimeinama, au kinundu cha insoli kimekaa mahali ambapo tao, lile bonde la chini ya wayo upande wa ndani, halipo. Kwa hiyo hapa tunakagua kiatu kwanza, kisha wayo, insoli mwisho.

Onyo kabla ya yote. Kama una kisukari, nyayo zina ganzi, au una kidonda mguuni kisichopona, usinunue insoli ngumu wala usijitengenezee. Wayo usiohisi hauna namna ya kukuonya kwamba ukingo wa plastiki unakula ngozi. Utaona damu kwenye soksi ndipo ujue. Pitia kliniki kwanza.

Vipimo vya dakika 10

Weka kiatu juu ya meza iliyonyooka, inama hadi macho yawe sawa na kisigino chake, kitazame kutoka nyuma. Mshono wa nyuma unatakiwa kusimama wima. Ukilalia ndani au nje, aliyekivaa kabla yako alikikanyaga hivyo mpaka povu la soli likashuka upande mmoja, na insoli yoyote utakayoweka italala juu ya mteremko huohuo. Hili ndilo kosa kubwa la mitumba na hakuna insoli inayolitibu, hata ya bei gani. Kiache sokoni. Kisha bonyeza ukuta wa nyuma kwa kidole gumba: ukikunjika kirahisi, kisigino hakitashikwa. Mwisho kipinde kwa mikono miwili. Kinatakiwa kupindika pale vidole vinapoanzia. Kinachokunjika katikati kama chapati kinaliachia tao kazi yote.

Sasa wayo. Uloweshe, kanyaga karatasi ya kaki au sakafu ya saruji iliyokauka, ukiwa umesimama kwa uzito wako wote. Ukikanyaga ukiwa umeketi alama itakudanganya, maana tao hushuka uzito unapoingia. Angalia utepe unaounganisha kisigino na sehemu ya mbele. Ukiwa karibu nusu ya upana wa wayo, tao lako ni la kawaida. Ukijaa karibu wayo mzima, tao ni la chini. Ukiwa mwembamba kama uzi, au usipoonekana kabisa, tao ni la juu.

Mwenye tao la chini ana kipimo kimoja zaidi, na ndicho kinachoamua atanunua nini. Simama kwa ncha za vidole huku mtu akikutazama kutoka nyuma. Tao likijitokeza na kisigino kikageukia ndani, wayo wako ni mlegevu, na insoli inaweza kuuinua. Likibaki limelala vilevile, wayo ni mgumu. Huo hausukumwi juu. Unatandikiwa kitu laini tu.

Pima pia urefu wa tao: kutoka nyuma ya kisigino hadi kwenye fundo nene la kidole gumba cha mguu. Watu wawili wa namba 41 wanaweza kutofautiana hapa kwa sentimita nzima, kwa sababu mmoja ana vidole virefu na mwingine vifupi. Kilele cha kinundu kinatakiwa kukaa chini ya kile kifupa kinachotokeza upande wa ndani wa mguu, chini na mbele kidogo ya kifundo.

Tao la chini lililo legevu linataka insoli imara ambayo kidole gumba hakiilazi, yenye kikombe kirefu cha kisigino na kinundu cha kadiri. Tao la juu linataka kitu laini kinachojaza lile bonde na kugusa unyayo wote, kisichoinua upande wa ndani. Tao la kawaida halitaki mengi. Badilisha sponji iliyokufa, uendelee na safari.

Dalili: kisigino kinachoma kama msumari ukitoka kitandani

Chanzo cha kawaida kabisa ni utando mgumu wa unyayo kuvutika pale unaposhikana na mfupa wa kisigino. Utaujua hivi: hatua za kwanza za asubuhi ndizo mbaya zaidi, maumivu yanapungua baada ya dakika chache, kisha yanarudi ukiinuka baada ya kukaa muda mrefu, kwa mfano ukishuka matatu kutoka Nakuru hadi Kisumu. Ukibonyeza kisigino kwa ndani, mbele kidogo, unaruka.

Wengi hapa hununua jeli nene. Jeli ni tamu dukani, lakini chini ya mtu wa kilo 80 hulala yote, na tao linaendelea kushuka na kuuvuta utando uleule. Chukua insoli imara yenye kikombe. Na insoli peke yake haitoshi, kwa sababu mara nyingi misuli ya kigimbi imekaza na ndiyo inayovuta kutoka nyuma. Simama ukiegemea ukuta, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino sakafuni. Hesabu sekunde 30, mara 3. Rudia goti likiwa limepinda kidogo. Asubuhi, kabla hujakanyaga chini, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa sekunde 10, mara 10. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda kwa dakika 5 hadi 10. Weka slipa zenye tao kando ya kitanda ili hatua ya kwanza isiwe juu ya saruji tupu. Watu hufanya mengine yote vizuri kisha wakaharibu kila asubuhi kwenda chooni peku. Jipe wiki 6 kabla ya kuamua kwamba haifanyi kazi, na usishangae ikichukua miezi kadhaa kuisha kabisa.

Chanzo cha pili ni mafuta ya chini ya kisigino kupungua, jambo linalokuja na umri na kusimama kwenye sakafu ngumu. Hapa maumivu yako katikati kabisa ya kisigino na yanazidi jioni, si asubuhi. Huyu ndiye jeli au kikombe laini kinamfaa.

Chanzo adimu ni ufa kwenye mfupa. Kamata kisigino kwa viganja viwili, ukibane kutoka pande zote mbili. Ukisikia uchungu mkali, na hasa kama uliongeza ghafla kilomita za kukimbia au za kutembea, acha mazoezi na uende ukapigwe eksirei. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili, na mgongo wake hukaza kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, naye amwone daktari. Hilo linaweza kuwa ugonjwa wa viungo wala si wa viatu.

Dalili: insoli mpya inaumiza katikati ya unyayo

Sababu ya kwanza ni haraka. Siku ya kwanza vaa saa moja tu, ongeza saa moja kila siku, na baada ya kama wiki mbili utaweza kuvaa kutwa. Uchovu wa misuli ni kawaida. Kuhisi umekanyaga jiwe si kawaida.

Ya pili: insoli ya zamani bado imo chini. Itoe. Ikiwa imegandishwa, acha kiatu juani dakika chache gundi ilegee, kisha ivute taratibu kuanzia kisigino.

Ya tatu ndiyo inayowashinda watu wengi, nayo ni kinundu kukaa mbele mno. Weka insoli sakafuni, ipande peku, kisigino kimeingia chote kwenye kikombe. Kama kilele kinakugonga nyuma tu ya vidole, insoli ni ndefu kwa tao lako. Kuikata mbele kunaifanya iingie kwenye kiatu, lakini kinundu hakihami hata kidogo. Rudi ukatafute namba ndogo, au ile fupi inayoishia kabla ya vidole, kwa kipimo cha tao ulichochukua.

Ya nne ni urefu wa kinundu. Wenye tao la chini hupenda kununua kile kirefu kuliko vyote, wakidhani kadiri kinavyozidi ndivyo tao litakavyoinuka. Huishia na malengelenge upande wa ndani. Anza na kifupi kilicho imara. Kama umeshanunua, fundi viatu anaweza kuparua milimita 2 kutoka upande wa chini. Asiguse juu, atakuachia ukingo.

Kama kipimo cha kusimama kwa vidole kilionyesha wayo mgumu, usijaribu haya yote. Toa insoli hiyo leo.

Dalili: kiatu kinabana, au kisigino kinachomoka

Ni nafasi tu. Insoli kamili inakuinua milimita 3 hadi 6, na kiatu chembamba cha ofisini hakina nafasi hiyo. Toa ya zamani. Isipotosha, tumia ile fupi isiyofika vidoleni. Kiatu kipya kinunue jioni, nyayo zikiwa zimevimba kidogo, ukiwa na insoli yako mkononi uijaribu humo humo. Muuzaji atakuambia ngozi itatanuka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mguu ni wako.

Kisigino kikichomoka kwenye kiatu cha kamba, rudisha kila kamba kwenye tundu la mwisho la upande wake ili ibaki kitanzi kidogo, pitisha kamba ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kuelekea chini, kisha funga. Huu mfungo hushika kisigino bila kukaza juu ya wayo.

Dalili: sehemu ya mbele ya unyayo inawaka, vidole vinakufa ganzi

Anza kwa upana wa kiatu. Vua soksi, weka wayo juu ya insoli uliyoitoa. Nyama ikimwagika nje ya ukingo, umepata jibu, na insoli yoyote itazidisha tatizo. Sababu ya pili ni tao la juu, ambalo hutua kisigino na mbele tu, uzito wote ukaangukia vichwa vya mifupa nyuma ya vidole; mara nyingi kuna sugu pale. Hapa kinachosaidia ni kijipedi kinachowekwa nyuma ya mahali panapouma. Wengi hukiweka chini yake hasa, na maumivu yanaongezeka.

Kijipedi unaweza kukijaribu kabla ya kununua. Paka rangi ya mdomo mahali panapouma chini ya wayo, vaa kiatu chenye insoli bila soksi, piga hatua tatu, vua. Alama imebaki kwenye insoli. Kata kipande cha slipa kuukuu ya raba, umbo la tone la maji, urefu sentimita 5, upana 4, kisha kichonge kwa wembe kibaki na unene wa milimita 5 au 6. Kisugue kingo zote kwa msasa mpaka ziishe kabisa. Ukingo ulioachwa wima utauhisi kama kamba chini ya mguu. Upande mpana uelekee vidole, ncha ielekee kisigino, na ukingo wa mbele ukae milimita 5 hadi 10 nyuma ya alama. Kishike kwa gundi ya karatasi siku tatu, ukikisogeza kidogo kidogo mpaka usahau kwamba kipo. Hapo ndipo upake gundi ya viatu pande zote mbili, nyembamba, ungoje kama dakika 10 isinate tena kidoleni, kisha ubandike.

Ganzi au mwako kati ya kidole cha tatu na cha nne, unaotulia ukivua kiatu, huwa ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Kiatu kipana na kijipedi hiki hutosha kwa wengi. Ukizidi baada ya wiki 6, mwone daktari. Uvimbe juu ya wayo wenye uchungu wa mahali pamoja tu, baada ya mbio au mwendo mrefu, usiuwekee pedi. Acha kukanyagia na utafute eksirei.

Dalili: kifundo kinateguka kuelekea nje

Mwenye tao la juu aliyeuziwa insoli ya "nyayo bapa", yaani ya tao la chini, ndiye anayepatwa na haya. Insoli ile inainua ndani, na wayo wake tayari umeegemea nje, kwa hiyo njia za mteremko za Vihiga na Kisii zinammaliza. Itoe, weka laini isiyo na mwinuko wa ndani. Angalia pia kama kisigino cha kiatu kimelika sana upande wa nje. Ikiwa tao linazidi kupanda mwaka hadi mwaka, au mguu mmoja tu ndio uko hivyo, au mguu umeanza kudhoofu na kuburuta, hilo ni la daktari wa neva.

Dalili: muundi au goti vinauma ukikimbia

Kwa wakimbiaji wa Iten, Kapsabet na Eldoret, na wale wa asubuhi kando ya barabara Nakuru, chanzo cha kwanza ni kuongeza kilomita haraka. Insoli haifuti hilo, punguza kwanza. Cha pili ni viatu vilivyokwisha, kwa kawaida baada ya kilomita 500 hadi 800, na mtumba huanza kuhesabiwa ukiwa umeshatumika. Cha tatu ni lami inayoinamia ukingoni, ambapo mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine kila siku. Tafuta njia ya murram iliyo bapa. Tao la chini lililo legevu ni la nne, na hapo insoli imara ina nafasi yake. Maumivu ya goti yaliyoanza baada ya insoli kuingia yanaondoka nayo, itoe uone.

Simama mara moja kama uchungu wa muundi uko mahali padogo pa kufunikwa kwa ncha ya kidole, unauma hata usiku, au unashindwa kuruka kwa mguu mmoja. Inaweza kuwa ufa. Eksirei ya wiki mbili tatu za kwanza huweza kutoka safi hata kama ufa upo, kwa hiyo usirudi barabarani kwa sababu ya picha moja.

Dalili ndogo ndogo

Insoli inalia: nyunyiza poda kidogo chini yake. Inanuka: joto la Kisumu na soksi za nailoni, itoe kila jioni, ifute kwa maji ya sabuni, ianike kivulini. Usiiweke jikoni kando ya jiko wala juu ya bati, povu hujikunja na kinundu huhama. Imekufa: ibonyeze kwa kidole gumba, na shimo likibaki, nunua nyingine. Kwa mtu wa kusimama kutwa tarajia miezi 6 hadi 12.

Gambuti ni shida ya peke yake, na wachuma chai wa Kericho na Nandi wanaijua. Halishiki kisigino, kwa hiyo insoli fupi husogea mbele mpaka kinundu kinafika vidoleni. Tumia insoli kamili iliyokatwa kwa kufuata umbo la ndani la gambuti, soksi nene, na jozi mbili za insoli ili moja ikauke huku nyingine ikitumika.

Mtoto mdogo mwenye nyayo bapa asiyeumwa, anayecheza na kukimbia kama wenzake, hahitaji insoli. Tao huendelea kujijenga hadi miaka ya shule ya msingi. Usikubali kuuziwa. Anayechechemea, anayeumwa, au ambaye tao halitokei hata akisimama kwa vidole, mpeleke akaangaliwe.

Dalili: mguu mmoja unazidi kulala

Hii huwapata zaidi watu wazima kuanzia miaka 40, wanawake hasa, na hucheleweshwa kuliko zote. Maumivu na uvimbe huanza nyuma ya nundu ya ndani ya kifundo. Tao la mguu huo mmoja linashuka, na mtu akikutazama kutoka nyuma anaona vidole vingi vikichungulia upande wa nje kuliko mguu wa pili. Shika ukuta, simama kwa mguu huo peke yake, jaribu kuinua kisigino. Ukishindwa, au ukiweza mara moja tu kwa uchungu, kano inayolishikilia tao inalegea, na insoli ya sokoni itakupotezea miezi ambayo kano hiyo haina.

Nenda hospitali ya rufaa yenye fiziotherapia na karakana ya viungo bandia, kama ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ya kaunti pale Nakuru, au ya Moi, Eldoret. Beba viatu unavyovaa zaidi bila kuvisafisha soli, insoli zote ulizojaribu, na ile karatasi ya kaki yenye alama ya nyayo zako mbili, umezizungushia kalamu kabla maji hayajakauka na kuandika tarehe.